Picha tatu, sahani mbili na kaka yangu mtafsiri

Kimya kilizidi, najua, lakini si mnajua mambo ya UE. Mtu unaishi kwa chai ya rangi na maswali ya miaka iliyopita, mpaka ukilala unaota umesimamiwa. Sasa zimekwisha, majibu ni mambo ya Mungu na walimu. Mimi bado nipo hapa Mlimani nasubiri kwenda TP, wenzangu wengi wameshasambaa makwao, hosteli kimya hadi unasikia feni ya chumba cha tatu. Boom limebaki vumbi. Kwa hiyo kazi zangu wiki hii zimekuwa mbili tu: kutazama picha kwenye laptop na kufikiria chakula.

Basi leo nawaletea picha tatu, na hoteli moja ya pale Mwenge tuliyokula Jumapili mimi na kaka yangu. Hoteli ya kwetu lakini, si ya vitanda. Ya mama, jiko la mkaa, meza tano na ndoo ya kunawia.

Nianze na Binti, nisiikalie sana maana ndiyo niliyoitazama peke yangu. Ni ya 2021, kaiongoza Seko Shamte, na ndiyo picha ya kwanza ya Bongo kuingia Netflix, mwaka 2022. Ina wanawake wanne wa Dar, kila mmoja na sehemu yake. Tumaini ana duka na deni. Angel anakaribia kuolewa na mwanaume anayempiga. Stella anatafuta mtoto, hapati. Wa nne, Rose, simsemi, mtazame wenyewe. Nilichopenda ni kwamba haina makelele. Sisi tuliokua na bongo muvi za sidii tumezoea mtu akifumaniwa muziki unapanda, kamera inamrudia uso mara tatu, halafu "usikose sehemu ya pili", na sehemu ya pili unalipia upya kama vile ile ya kwanza ilikuwa bure. Hapa mtu anaumia kimyakimya, na wewe unaumia naye. Angel ndiye aliyenikaa rohoni, kwa sababu namjua dada mmoja kama yeye, na yule ninayemjua aliolewa.

Nilichokuwa nakitafuta nikakikosa ni vumbi. Dar ya Binti ina vigae na mapazia. Daladala zipo kwa mbali. Lakini sio kosa kubwa, matajiri nao wanapigwa. Nawapa saba na nusu kwa kumi.

Sasa twende kwa kaka, maana bila yeye hizo picha mbili zilizobaki sina la kusema.

Kaka yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa, na kwetu huyo ni kaka, hakuna cha binamu. Alikuja Jumamosi kutoka Moro na SGR, ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria 2024. Alikuwa anafuata vipuri vya pikipiki Kariakoo, akaniletea na mfuko wa machungwa kutoka kwa mama. Akafika hapa saa kumi jioni na machungwa yake, kaninginiza begani spoku na cheni kama mganga. Hosteli ya wasichana mwanaume haingii, kwa hiyo tukakaa kwenye vimbweta. Kwa wageni: vimbweta ni zile meza na benchi za saruji chini ya miti ambako wanachuo wanasoma, wanabishana, wanatongozana, na mara chache sana wanasoma tena.

Huyu kaka alikuwa na kibanda umiza. Mliokulia kwenye ving'amuzi na waifai niwaeleze kidogo. Kibanda umiza ni chumba cha mabati, madirisha yamezibwa na turubai, ndani TV moja ya chogo, deki, spika mbili na mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo. Ndiyo maana kinaitwa umiza: kiuno, mbavu, masikio, vyote vinaumia. Mpira mia tano, picha mia mbili. Joto la mle ndani lilikuwa linaweza kuivisha ndizi kwa siku mbili.

Mwanzoni kaka alikuwa anaweka picha zilizotafsiriwa na Lufufu. Wakubwa mnamkumbuka, Derek Mukandala kwa jina lake la kweli. Mzungu anasema maneno matatu, Lufufu anasema kumi na tano, na yale kumi na mbili ya nyongeza ndiyo watu waliyolipia. Kenya wanaye DJ Afro, Uganda wanaye VJ Jingo kwa Kiganda, yaani ukanda mzima huu tumeangalia Hollywood kwa mdomo wa mtu mwingine. Baadaye kaka akaona kwa nini asijaribu mwenyewe. Akanunua maiki ya mtumba, akawa anapunguza sauti ya TV na kutafsiri papo kwa papo, Kichina, Kihindi, Kiingereza, vyote alikuwa havijui. Kiingereza chake kiliishia kidato cha pili. Hilo halikumzuia hata dakika moja.

Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu mama mkubwa alikuwa hataki mtoto wa kike aingie mle, na mlangoni ni rahisi kukimbia. Nakumbuka alipofariki Kanumba, Aprili 2012. Wiki ile nzima kibanda kiliweka picha zake tu. Uncle JJ ilipigwa hadi sidii ikaanza kukwama. Tarehe 10, siku waliyomzika Kinondoni, kaka hakudai mia mbili kwa mtu. Watu wazima walikaa kwenye yale mabenchi wanalia huku wanacheka, maana Uncle JJ ni ya kuchekesha, hawakujua washike lipi.

Basi Jumamosi ile kwenye vimbweta nikamwambia, kaka, nina RRR hapa lakini ni ya Kihindi, tena ndefu, saa tatu. Akasema weka.

RRR kaiongoza S. S. Rajamouli, ilitoka 2022, na wimbo wake wa Naatu Naatu ulichukua Oscar mwaka 2023. Ile ikulu wanayochezea mbele yake wala haiko India, iko Kiev, Ukraine. Waliipiga pale 2021, miezi michache kabla ya vita kuingia Februari 2022. Sijui kwa nini habari hiyo imeniganda kichwani, lakini kila nikiona ule mchezo wa kubana mikanda nafikiria madirisha ya nyuma yao. Hadithi yenyewe ni India ya miaka ya 1920 chini ya Mwingereza. Mke wa gavana anapenda sauti ya katoto ka kijijini, wanarushiwa vishilingi, mama mtu anafikiri ni zawadi. Kumbe mtoto ameshanunuliwa. Wanaondoka naye garini. Kijana wa msituni, Bheem, anakuja mjini kumtafuta. Polisi mmoja, Ram, anatumwa kumkamata Bheem. Wanakutana bila kujuana, wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Hapo sasa.

Mimi nilikuwa naisoma ile maandishi ya chini kwa Kiingereza. Dakika ya kumi hivi kaka akanyoosha mkono akaizima sauti ya laptop.

Akaanza.

Jamani! Ram akawa Afande. Bheem akawa Mluguru wa milimani, ameshuka mjini na ndara, hajui hata pa kupandia daladala. Pale vishilingi vinaporushwa, kaka akasema, "Angalieni hiyo hela, haifiki hata nauli ya Kilosa, mtoto kashaondoka!" Halafu akanyamaza. Akamwacha yule mama akimbilie gari bila neno lolote juu yake. Nikasikia mtu nyuma yangu anaguna. Kugeuka, wapo sita. Wakaongezeka. Kuna jamaa wawili wa uhandisi walikuwa wanasoma kimbweta cha jirani, wakahamia na daftari zao. Ilipofika pale darajani, treni linawaka moto na mtoto yuko mtoni, Bheem anakuja na pikipiki, kaka akapiga kelele, "Boda huyooo! Wenzetu wanaokoa watu, nyie mnatuita wahuni!" Wanachuo wakapiga makofi. Ile ya chui, simba marara na wanyama wengine kuruka kutoka kwenye lori na kuvamia ikulu ya gavana, sitaki hata kuieleza. Mlinzi alikuja na tochi kuuliza kuna mkutano gani, akaishia kukaa.

Maoni yangu kuhusu RRR kama picha: ni uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sijawahi kudanganywa kwa heshima kiasi kile. Mtu anambeba mwenzake mabegani na wanapigana na jeshi zima hivyo hivyo, ghorofa moja ya binadamu. Saa tatu sikuziona. Ila nikiitazama tena peke yangu najua haitakuwa ileile. Nilijaribu jana. Haikuwa.

Jumapili asubuhi kaka akarudi, alilala kwa rafiki yake Manzese. Nikasema leo nakuonyesha ya kwetu. Vuta N'kuvute.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mliosoma HKL au HGK mnalijua hilo jina kwa uchungu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilitoka 1999, tumeisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani. Yaani Denge mimi nilimjua kwanza kama "mhusika mkuu", na Yasmini kama "nafasi ya mwanamke katika jamii", hoja nne na mifano. Picha kaifanya Amil Shivji, mtoto wa Profesa Issa Shivji aliyefundisha sheria hapa hapa kwetu. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, ya kwanza kutoka Tanzania kufika pale, na 2022 nchi iliipeleka kuwania Oscar. Kabla ya hapo tulikuwa tumepeleka moja tu, Maangamizi, ya 2001. Miaka ishirini katikati hapo, jamani, tulikuwa wapi?

Ni Unguja ya miaka ya 1950. Yasmini, binti wa Kihindi, ameozwa mzee ambaye angeweza kuwa baba yake. Anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge, kijana wa harakati za kumtoa Mwingereza. Mwingereza yuleyule wa RRR, ukifikiri vizuri, miaka thelathini baadaye na upande wa pili wa bahari ileile. Ila hapa hakuna chui wala lori. Hapa kuna karatasi zinazopitishwa usiku, mlango unaofunguliwa nusu, watu wananong'ona. Yasmini ni Ikhlas Gafur Vora, Denge ni Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma ni Siti Amina, yule mwimbaji wa taarabu. Wanawake wanaofungua mlango usiku bila kuuliza maswali, mimi hao ndio ninaowapigia saluti. Denge aende na siasa zake. Mwajuma ndiye aliyeweka paa.

Picha ni nzuri kwa macho hadi unataka kuisimamisha. Kuta za Mji Mkongwe, mwanga wa taa, jasho kwenye shingo ya mtu. Ni ya polepole. Wale wa "mbona hamna kinachotokea" watalala dakika ya ishirini. Na kweli kuna sehemu nilitaka kumsukuma mtu aseme anachotaka kusema. Kwenye kitabu unamjua Denge kichwani mwake, kwenye picha unamwona shavu tu. Shavu zuri, lakini shavu.

Kaka alikaa kimya. Nilikuwa namwangalia yeye kuliko laptop. Dakika tano, kumi, nusu saa. Mkono wake ulikuwa mezani karibu na kitufe cha sauti, haukusogea. Mara moja tu aliniuliza, "Hapa steringi ni nani?" Nikamwambia wanabishana mpaka leo. Akasema, "Haya." Tena kimya. Nikajua haijampendeza. Mtu aliyeleta vimbweta vizima jana, leo kama yuko msibani.

Ikaisha. Akasema, "Njaa inauma. Twende tukale."

Tukatembea kushuka Mwenge. Hoteli hiyo siitaji jina, haina hata kibao, ukiuliza "kwa Mpemba" utapelekwa, japo mama mwenyewe anasema yeye si wa Pemba, ni wa Makunduchi, na amechoka kusahihisha. Nilitaka kula urojo kwa sababu ya ile picha, nilikuwa bado na Unguja machoni. Kaka akaagiza pilau ya ng'ombe. Urojo elfu tatu, pilau elfu sita, juisi ya ukwaju elfu moja moja.

Urojo kwanza. Wengine wanauita Zanzibar mix. Ni ule mchuzi wa njano, mchachu, unaotiwa embe bichi na binzari na kuzidishwa uzito kwa unga, ndani yake viazi, bhajia, kachori, mshikaki, juu chatne ya nazi, pilipili na vile vibanzi vya muhogo. Dar wengi wanaharibu hapo kwenye unga. Wanatia mwingi ili mchuzi ujaze bakuli, unakula uji. Wa huyu mama ulikuwa mwepesi, ukali wa embe unakupiga taya kabla hujameza. Bhajia zilikuwa za dengu kweli na hazijalowa, maana anazitia mwisho, nilimwona. Kachori moja ilikuwa baridi katikati. Mshikaki vipande viwili tu, mmoja wa mfupa. Lakini ile chatne! Nilikwangua bakuli kwa kidole, sina aibu. Chakula cha elfu tatu ambacho ndani yake umo Uhindi, umo mnazi na umo muhogo, halafu watu wanauliza Yasmini alifikaje kwenye hadithi ya Waswahili.

Pilau ya kaka nayo niliionja. Hapo hatukukubaliana. Mimi niliiona nzuri, iliki imekaa, nyama imelainika. Yeye ni mtu wa kuchunguza pilau. Aliitawanya kwa kijiko, akainusa, akasema vitunguu havikukaangwa vya kutosha, rangi hii haikutoka kwenye vitunguu. "Hii ni wali umepakwa rangi." Na mama yuko hatua tatu. Nikamkanyaga mguu. Hata hivyo aliimaliza, na akaongeza ndizi.

Ukutani kulikuwa na TV, sauti imezimwa, tamthilia fulani ya Kituruki, mwanamke analia kwenye ngazi. Nikamtania, kaka, tafsiri basi, watu wamepoa humu. Akatabasamu. Akasema, "Maiki nimeuza."

Nikadhani utani.

Kumbe kauza vyote, tangu Machi. Spika na amplifaya kachukua jamaa wa kwaya. TV mpya ile ya bapa kachukua fundi simu. Mabenchi kanunua mama mmoja wa supu pale stendi, yapo nje kwake, watu wanakalia wakinywa supu ya kongoro. Chumba chenyewe kimekuwa cha kuchaji na kubeti. Pikipiki niliyodhani ni ya pembeni ndiyo kazi sasa, siku nzuri inaingiza elfu kumi na tano, ukitoa mafuta. Hizo spoku na cheni alizokuwa ananinginiza ndizo ofisi yake.

Nikakasirika. Sijui hata nilimkasirikia nani. Nikamuuliza kwa nini hajaniambia. Akasema, "Ulikuwa na mitihani." Nikamwambia angalau angerekodi, aweke YouTube, ana sauti, jana si ameona wanachuo walivyojaa. Akanijibu kama mtu aliyeshafanya hesabu hiyo usiku mwingi. Zamani watu walikuja kwa sababu hawana TV na hawajui Kiingereza. Leo kila mtu ana bando, picha ikitoka wiki hii, wiki ijayo kuna mtafsiri wa Dar ameshaimaliza na ipo kwenye simu ya mteja. Ukiweka YouTube picha ya watu inashushwa, hakimiliki, na kweli si yako. Mara ya mwisho aliwasha jenereta kwa ajili ya watu wanne, wawili walikuwa wanakwepa mvua. Ana watoto wawili. "We ungefanyaje?" Sikuwa na jibu, na sina.

Nitawaambia kitu. Nauli yangu ya kidato cha tano na sita, nikirudi shule na trenka langu, ilitoka kwenye zile mia mbili mia mbili. Alikuwa ananipa sarafu tupu, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, konda wa basi ananitukana. Mama hajui zilikuwa ngapi. Mimi najua, nilizihesabu.

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike yote haya. Akasema, "We unasoma Kiswahili hapo juu. Ile kazi yangu ilikuwa na jina? Kwa kitaalamu?"

Nikamwambia kuna Mjerumani, Matthias Krings, mwalimu wa chuo, alikuja kuwafanyia utafiti watafsiri wa picha wa Bongo akawaandikia makala. Kichwa cha makala kwa Kiswahili ni kama kugeuza wali kuwa pilau. Yaani picha inakuja wali mweupe, mtafsiri anaiunga.

Kaka aliangalia sahani yake. Akacheka mpaka juisi ikampalia. "Huyo Mjerumani alikula wapi?" Alipotulia akasema lakini ni kweli. Wali ni wali, anayekuja kibandani amekula wali kwao, mpe viungo. RRR yenyewe ina kelele, lakini kwa mtu wa Kihonda ni wali, hajui gavana ni nani, hajui Ram ni nani. Ndiyo maana akamwita Afande. Mtu akisikia Afande anajua wa kumwogopa.

"Na ile ya asubuhi?" nikamuuliza. "Hukuipenda."

Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema nani kakwambia. Akasema alikuwa anatafuta pa kuingilia, picha nzima, hakupata. "Wale wanaongea Kiswahili. Tena kizuri kuliko changu. Ile imeshaungwa, mimi ningetia nini? Nikakaa nikatazama." Halafu akasema hajawahi kukaa kwenye picha bila kazi tangu aliponunua ile maiki. Mikono ilikuwa inamwasha. Na yule mzee aliyemwoa Yasmini, alitaka sana kumtukana, akajizuia kwa sababu yangu.

Kwa hiyo ile niliyodhani ni kimya cha kuboreka kumbe ilikuwa hivyo. Bado nasema picha ni ya polepole. Yeye anasema polepole ni yangu mimi, eti nilikuwa naangalia saa na kumwangalia yeye. Tulibishana hadi mama akatoa sahani.

Bili elfu kumi na moja. Nilikuwa nimeshashika simu nilipe kwa M-Pesa, nilikuwa nimeweka hela ya leo tangu Ijumaa. Akanishusha mkono. Akatoa noti ya elfu kumi, mpya, na elfu moja iliyokunjwa mara nne. Nikamwacha alipe. Kumkatalia kaka yako pale mbele ya watu, siku ile aliyokwambia ameuza kazi yake, sio jambo.

Jioni nikamsindikiza stesheni. Aliomba kitu kimoja: kile kitabu. Alitaka kujua ni nini walichoacha. Nikampa nakala yangu ya Vuta N'kuvute, ile ya mtihani, imejaa penseli, pembeni nimeandika DHAMIRA, UTABAKA, TAZ. UK. WA NYUMA. Nilimwambia ayaruke hayo yote.

Jana usiku kanitumia ujumbe wa sauti, dakika nne na ushee. Anasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kwa ile sauti ya kibandani, polepole, na yule mzee Raza ameshambatiza jina ambalo siwezi kuliandika hapa kuna watoto. Nyuma yake nasikia wanawe wanacheka, na mke wake anamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Haya wadau, ngoja nikafue nguo za TP, jua linaondoka. Nina Eonii kwenye foleni, ya 2023, wanasema ni ya sayansi na mambo ya mbele. Aliyeiona asinisimulie mwisho. Na anayejua urojo unaoushinda wa huyu mama, Dar hii, aje na hoja.